Je, wajua kwa nini jicho lililotokeza kwa ugonjwa wa tezi, likifanyiwa upasuaji, hurudi ndani lakini kope la juu likabaki juu?

Muuza korosho mmoja wa stendi ya Mtwara alisemwa sana na wateja kwamba ana kiburi, anawakodolea watu macho. Masikini, hakuwa akimkodolea mtu. Macho yalikuwa yamemtoka pima kwa ugonjwa wa tezi ya shingoni. Hata akilala hayakufumba vizuri, asubuhi yanawasha kama yametiwa mchanga. Alipopewa rufaa ya Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji, aliuliza jambo moja: "Jicho likirudishwa, na kope nalo litarudi?"

La chini, mara nyingi ndiyo. La juu, usiliwekee dhamana.

Ugonjwa wenyewe kwa kawaida ni ule wa Graves, daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Kinga ya mwili huishambulia tezi, ikageukia na mafuta na misuli ya nyuma ya jicho, vikavimba. Tundu la jicho limezungukwa na mfupa na lina nafasi ya mililita 30 hivi, kwa hiyo jicho husukumwa mbele. Daktari huondoa sehemu ya mfupa huo, upande wa pua, chini au upande wa sikio, na pengine hupunguza mafuta. Uvimbe ukipata pa kukaa, jicho hurudi nyuma milimita kadhaa.

Sasa chukua lori la korosho lililofunikwa turubai. Ukishusha magunia, turubai hulegea. Ndivyo kope la chini lifanyavyo: lilisukumwa na jicho tu, jicho likirudi nalo hupanda. Lakini turubai lililokazwa kwa kamba halishuki hata ushushe mzigo wote. Kope la juu lina kamba yake, misuli ya kulinyanyua, na ugonjwa huu huikaza na kuitia kovu, hasa upande wa nje. Ndiyo maana upinde wa kope huwa juu zaidi kuelekea sikioni.

Kwa hiyo katika upasuaji mfupa hutangulia, makengeza yakiwapo hufuata, kope humalizia. Fundi gani hupima pazia kabla dirisha halijakaa mahali pake?

Muuza korosho yuko katikati ya safari hiyo. Weupe wa chini umefichika, wa juu bado unachungulia upande wa sikio. Anatia matone, anavaa miwani nyeusi, anapima korosho zake.