Ushiriki wa wanawake kwenye miradi ya kijijini maana yake nini hasa

Ripoti za miradi ya vijijini zinafanana, uwe mradi wa maji au wa mifugo au wa miti, lazima ukute sehemu imeandikwa wanawake wameshirikishwa, na ushahidi wenyewe ni karatasi ya mahudhurio. Ukiuliza wameshirikishwa vipi unaambiwa si walikuja kwenye mkutano, wakapewa soda, wakasaini.

Mimi naielewa hivi: mtu ameshiriki pale ambapo kauli yake ingeweza kubadilisha kitu. Bomba likae wapi, hela ianze kwenda wapi, nani awe mweka hazina na nani atolewe kwenye kamati akila hela. Kama mama awepo asiwepo uamuzi unatoka uleule basi huyo alihudhuria tu.

Kuna mchumi wa India anaitwa Bina Agarwal, mwaka 2001 aliandika kuhusu vikundi vya misitu vya huko Asia ya Kusini akaugawa ushiriki kwa hatua. Chini kabisa ni yule ambae jina lipo kwenye daftari basi, anafuata anaekuja mkutanoni akakaa kimya, halafu anaeulizwa maoni bila uhakika kama yatafuatwa, halafu anaepewa kazi ya kufanya, juu zaidi ni yule anaesema hata kama hajaulizwa, na kileleni ni yule mwenye sauti na nguvu ya kugeuza uamuzi. Ukizileta hatua hizo huku kwetu Dodoma utaona akina mama wengi wamejazana kwenye hatua ya kazi. Kuchimba mtaro wapo, kubeba mawe wapo, kumwagilia miche wapo, kupika siku mgeni wa wizara anakuja ndo usiseme. Ila siku ya kupanga bajeti unawakuta wawili watatu wamekaa nyuma.

Chukua maji. Huku katikati ya nchi mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na visima vingi maji yake yana chumvi. Anaejua kisima kipi kinakauka mapema, kipi maji yake hayafai hata kupikia maharage, njia gani inatisha saa kumi na moja alfajiri, ni mama na binti maana ndo wanaochota. Sasa wataalamu wanakuja na vipimo vyao, wanakaa na wazee, kituo kinawekwa karibu na senta ambapo wanaume wanaona kinafaa, akina mama wa kitongoji cha mbali wanaendelea kutembea kama zamani. Na kwenye kamati ukiangalia mara nyingi mama amepewa uweka hazina kwasababu "wanawake waaminifu", mwenyekiti mwanaume, yani yeye anatunza hela ambazo mwenzie ndo anasema zitumikeje.

Watu wa mradi wanapenda kusema wanawake wa huku wana aibu. Hilo silikubali. Muheme wa Wagogo unapigwa na wanawake, ngoma katikati ya mapaja, mbele ya umati, na mwanamke ndo anaongoza, sasa mtu huyo utamwambia anaogopa watu? Tatizo linakuwa mkutano wenyewe: baba mkwe amekaa mbele, shemeji yupo, ukimpinga mwenyekiti maneno yanafika nyumbani kabla yako. Halafu mda. Mkutano unaitishwa saa nne asubuhi mwezi wa kwanza, mda ambao mtama na uwele vinataka palizi na kila mtu mwenye jembe yuko shamba, alafu ripoti inasema wanawake hawakujitokeza.

Kisheria nafasi zipo, tusidanganyane. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba na watatu kati yao wawe wanawake, na sheria hiyohiyo inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Kwenye karatasi safi kabisa. Ila kiti cha upendeleo kinakufikisha kwenye chumba tu, kusikilizwa humo ndani ni habari nyingine.

Na ardhi hapo ndo pagumu kuliko pote, sababu miradi mingi ya kijijini inafanyika juu ya ardhi ya mtu. Angalia kisiki hai, ile njia ya kuchagua machipukizi kwenye visiki vilivyobaki shambani, unayapunguza unayalinda mpaka yanakuwa miti tena, imeenea sana vijiji vya Dodoma. Mama anaweza kufundishwa semina yote akaelewa kuliko mumewe, lakini mti ukishakua anaeamua ukatwe mkaa au ubaki ni mwenye shamba. Akiwa mjane na shamba ni la ukoo wa marehemu, sijui hata tuseme ameshiriki kwenye nini.

Hili sio la leo. Mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973 kwa msaada wa Sweden, na 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo la Kondoa lililoliwa na makorongo. Uamuzi ulitoka juu, hata wanaume hawakuulizwa sana, na ardhi kweli majani yakarudi. Ila ng'ombe wakiondoka nyumbani maziwa yanaondoka nao, na maziwa ni suala la jikoni. Baadae zikaruhusiwa ng'ombe za kufugia bandani, hapo swali likawa nani anakata majani na kubeba maji ya ng'ombe, na hela ya maziwa inashikwa na nani. Mradi wowote wa ng'ombe wa bandani uulizwe hivyo mpaka leo.

TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, nayo inachanganya watu. Kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini wapokeaji wengi ni wanawake, na kushika hela mkononi si jambo dogo, nawajua akina mama walionunua mbuzi na bati kwa hela hiyo. Lakini kupokea ni kunufaika, na masharti ya watoto kwenda shule na kliniki anayebeba ni yeye. Ushiriki kwenye TASAF utautafuta kwenye ule mkutano wa kijiji wa kutaja kaya maskini, hapo ndo uangalie nani alitaja majina na nani alinyamaza jirani yake akirukwa.

Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, haina riba na iko kwenye sheria tangu 2018. Ilisimamishwa 2023, moja ya sababu ikiwa vikundi hewa, ikarudi 2024. Hapa kuna mtego wake: kikundi kinasajiliwa kwa majina ya wanawake, hela ikitoka inanunua bodaboda ya mume wa katibu, na siku ya marejesho anaetafutwa ni mama aliyesaini.

Kwahiyo ukitaka kujua kijijini kwenu hali ikoje, karatasi ya mahudhurio iache, omba muhtasari wa mkutano. Tafuta hoja iliyoletwa na mwanamke, angalia chini yake imeandikwa nini, imekubaliwa, imekataliwa kwa sababu ipi, au imeishia "imepokelewa". Ukikuta majina ya akina mama yamejaa na hoja zote ni za wazee walewale watatu, muulize mtendaji mkutano ulianza saa ngapi na mwezi gani.