SEO kwenye tovuti ya biashara: maana yake, na pesa inapopotelea

SEO ni kazi ya kuipanga tovuti ili injini ya utafutaji, hasa Google, iweze kuifikia, kuielewa na kuionyesha kwa mtu anayetafuta kitu unachokiuza. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo husahaulika. Tovuti inaweza kushika nafasi ya kwanza kwa neno ambalo halimletei mwenyewe hata mteja mmoja, na mwenyewe akaendelea kulipia matunzo yake mwaka mzima.

Chukua mfano wa karakana ya samani iliyopo Keko, Dar es Salaam. Mteja wake haandiki "samani bora za kisasa". Anaandika "bei ya kitanda 5 kwa 6" au "kabati la mninga milango mitatu". Usanifu unaanzia hapo, kabla ya rangi na nembo: kusanya maneno ambayo wateja wenyewe huyatumia dukani na kwenye WhatsApp, kisha kila hitaji kubwa lipe ukurasa wake. Vitanda kivyao, makabati kivyao, sofa kivyake. Wengi humwaga kila kitu kwenye ukurasa mmoja mrefu, halafu wanashangaa hawaonekani. Ukurasa unaogusa vitu kumi ni nadra kuwa jibu zuri kwa anayeuliza kitu kimoja.

Kichwa cha ukurasa, yaani ule mstari unaobonyezwa kwenye matokeo, kina uzito kuliko watu wanavyodhani. "Kitanda cha mninga 5 kwa 6: bei na picha, Keko" kinafanya kazi. "Karibu sana" hakifanyi. Kikipita herufi 60 hivi mara nyingi hukatwa, kwa hiyo jina la bidhaa litangulie na jina la kampuni lije nyuma.

Na bei iandikwe. Ile desturi ya "bei njoo inbox" inakuumiza mara mbili: aliyeandika neno "bei" anafika asione bei, na Google nayo haikuti namba ya kusoma. Bei iliyochorwa ndani ya picha ya tangazo usiitegemee, iandike kwa maandishi ya kawaida. Kama mbao zinapanda na kushuka, andika "kuanzia". Kuhusu yale maneno muhimu yanayofichwa ndani ya msimbo (code) wa ukurasa, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiyatumii kupanga matokeo. Fundi anayekutoza kwa ajili ya hayo anakuuzia hewa.

Sasa upande wa roboti, yaani programu ya Google inayosoma kurasa. Google hufanya mambo matatu kwa mpangilio: huzipitia kurasa kwa kufuata viungo, huhifadhi ilichokisoma kwenye faharasa yake, kisha hupanga nani aonekane juu. Tovuti nyingi hukwama kwenye hatua mbili za kwanza, na kujua ni bure. Andika kwenye Google site: ikifuatiwa na anwani yako bila kuacha nafasi. Isipotokea hata kurasa moja, na tovuti si ya jana, kuna mlango umefungwa. Aghalabu ni noindex, amri inayoiambia Google isiuonyeshe ukurasa, iliyowekwa wakati wa ujenzi ili watu wasiione kazi nusu, kisha ikasahaulika siku ya uzinduzi. Kwenye WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, ni kisanduku kimoja tu katika mipangilio ya usomaji; kiondolee tiki.

Kosa jingine ni kuchanganya noindex na faili la robots.txt. Faili hilo huizuia roboti kusoma ukurasa, lakini haliondoi anwani kwenye matokeo iwapo tovuti nyingine zimeiunganisha. Ukizuia ukurasa kwa robots.txt na papo hapo ukauwekea noindex, roboti haitaingia ndani kuiona hiyo noindex. Ukitaka ukurasa utoke, uache usomeke.

Ramani ya tovuti (sitemap), yaani faili lenye orodha ya anwani za kurasa zako, isikunyime usingizi. Faili moja hubeba anwani hadi 50,000, nawe una kurasa arobaini. Menyu yenye viungo vinavyobonyezeka inakutosha.

Kasi ndipo pesa inapovujia kwa wingi, kwa sababu mgeni wako anatumia simu na bando lake mwenyewe. Google ina vipimo vitatu: kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kiwe kimetokea ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na kuyumba kwa vitu wakati ukurasa unafunguka kusizidi alama ya 0.1. Ukurasa huhesabiwa umefaulu ikiwa angalau asilimia 75 ya ziara za watu halisi zinafikia viwango hivyo, si majaribio ya fundi kwenye kompyuta yenye waya wa intaneti.

Kinachoangusha ni picha. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu inaweza kuwa na MB 4. Weka kumi na mbili na umempakia mteja MB 48. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1,200, zihifadhi kwa muundo wa WebP, na lenga chini ya KB 150 kila moja. Andika upana na urefu wa kila picha ndani ya msimbo wa ukurasa, la sivyo maandishi yatashuka picha inapotokea, na mteja aliyekusudia kugusa "Piga simu" atagusa kitu kingine. Picha za chini zinaweza kusubiri hadi msomaji azifikie, ila ile ya juu kabisa isisubirishwe. Zile picha zinazoteleza zenyewe ukurasa wa mwanzo, kwa maoni yetu, zitoe tu. Mzigo ni mkubwa na wachache huingoja picha ya tatu.

Faida yenyewe huhesabiwa hivi. Tuseme tovuti, jina la .co.tz na uhifadhi wa mwaka vimekula TSh 1,400,000. Utafutaji unaleta ziara 600 kwa mwezi. 4 katika kila 100 wanagusa kitufe cha WhatsApp, yaani watu 24. Robo yao wananunua, vitanda 6. Kila kitanda kina faida ya TSh 90,000. Hiyo ni TSh 540,000 kwa mwezi, na gharama inarudi ndani ya miezi mitatu. Sasa acha ziara zilezile 600, ila sogeza kitufe kiwe chini ya bei na uandike gharama ya kupeleka mzigo. Wakigusa 6 katika 100, wanaonunua ni 9 na faida ni TSh 810,000, bila kuongeza mgeni hata mmoja. Kabla ya kumlipa mtu akuongezee ziara, pima hiyo asilimia kwanza.

Kitufe chenyewe nacho hukosewa. Kiungo cha WhatsApp huandikwa wa.me/ kisha namba kuanzia 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Ukiweka 07 hakitafungua mazungumzo na namba yako. Kijaribu kwa simu isiyo yako.

Kwa duka lenye mlango, wasifu wa Google Business Profile ni bure na ndio unaokuweka kwenye ramani. Jina, mtaa na namba ya simu vilingane na vya kwenye tovuti. Kulipia matangazo ni jambo jingine: hakukupandishi kwenye matokeo ya kawaida, na anayekuahidi nafasi ya kwanza anaahidi kitu ambacho Google yenyewe inasema hakuna awezaye kukidhamini.

Hatari kubwa zaidi huja siku ya kubadilisha muonekano. Fundi mpya anajenga upya, anwani zinabadilika, na ukurasa wa vitanda uliokuwa ukileta wateja unageuka kosa la 404, yaani "ukurasa haupo". Kabla hujamruhusu azindue, mpe orodha ya anwani zote za zamani kutoka Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, na kila moja ielekezwe kwa amri ya 301, ile ya kuhamisha anwani kwa kudumu, kwenye ukurasa mpya unaolingana nayo: vitanda kwa vitanda, sofa kwa sofa. Zote zikitupwa ukurasa wa mwanzo, Google huweza kuzihesabu kama hazipo. Maelekezo hayo yabaki angalau mwaka mmoja.