Je, Wajua Kwa Nini Chupa ya Hamira Hupasuka Ndani ya Friji?

Ilikuwa saa nane za usiku, nyumbani kwetu Kasarani, friji ilipolia kama tairi la matatu lililopasuka. Mke wangu akaketi kitandani. "Baba Wambui, ni nini hicho?" Mimi nilishajua hata kabla ya kuwasha taa. Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimejaza hamira kwenye chupa ya jemu, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote ili uchafu usiingie. Sasa vipande vya kioo vilikuwa ndani ya sukuma wiki, na uji mweupe ulikuwa umetapakaa hadi kwenye trei ya mayai.

Swali nililoulizwa asubuhi lilikuwa la haki kabisa: kama hamira hulala kwenye baridi, nguvu ya kuvunja kioo ilitoka wapi?

Kwanza, kwa asiyejua shughuli hii. Ukipika bia nyumbani kwa kimea cha shayiri na hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu wake, hamira unayotia kwenye ndoo hula sukari na kuzaana. Kazi ikiisha, hutuama chini. Ukishaihamisha bia, unabaki na mashapo mazito ambayo ndani yake mna hamira nyingi kuliko uliyotia mwanzoni. Kwa kuwa hamira ya bia huagizwa kutoka nje, na kipakiti cha gramu 11.5 si kitu cha kukipata katika kila duka, mwenye akili hamwagi mashapo hayo. Huyavuna, akayahifadhi kwa ajili ya pombe ijayo. Kwa lita 20 za bia hutahitaji zaidi ya kikombe kimoja cha chai cha hamira nzito, kwa hiyo chombo cha mililita 300 hadi 500 kinatosha. Ila ni chombo gani?

Turudi kwenye mlipuko. Baridi ya friji, nyuzi 4 hivi, huilaza hamira lakini haiiui. Hamira iliyolala bado hupumua kidogo kidogo, ikila akiba iliyojiwekea mwilini, iitwayo glikojeni, na ikitoa hewa ukaa. Hiyo peke yake ni kidogo. Hatari huja pale bia inapohamishwa mapema kabla sukari haijaisha, kama nilivyofanya mimi kwa papara. Gramu moja tu ya sukari, yaani robo ya kijiko cha chai, ikichachushwa yote hutoa karibu theluthi ya lita ya hewa ukaa katika mwinuko na joto la Nairobi. Sasa uwazi uliobaki juu ya chupa yangu haukuzidi kikombe cha kahawa chungu. Sehemu ya gesi huyeyuka kwenye kimiminika, ni kweli, lakini iliyobaki inasukuma kila upande. Halafu stima ikipotea asubuhi na kurudi jioni, friji hupata joto, hamira huamka, na gesi iliyokuwa imeyeyuka hutoka nayo.

Kuna aina za hamira zilizo wakorofi zaidi. Jamii moja ya *Saccharomyces cerevisiae*, iitwayo diastatikasi, huweza kukata minyororo mirefu ya sukari ambayo hamira ya kawaida huishindwa. Unadhani chakula kimeisha, kumbe yenyewe imefungua ghala jingine.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa sukari. Lilikuwa chupa yenyewe, na hapa ndipo penye jambo ambalo sikuwahi kulifikiria licha ya kula jemu tangu utotoni. Jemu hufungwa ikiwa moto. Ikipoa, hewa iliyo juu yake hunywea na kukivuta kifuniko ndani. Ndiyo maana kile kitufe cha katikati hulia "tek" unapofungua mara ya kwanza. Chupa ya jemu, basi, imeundwa ivutwe kwa ndani. Chupa ya soda imeundwa isukumwe kwa nje. Mimi nilichukua chombo cha kazi ya kwanza nikakipa kazi ya pili.

Tena kioo kina tabia yake. Ukikibana kinavumilia sana, ukikivuta kinakatika, na mkatiko huanzia kwenye mkwaruzo mdogo ambao jicho halioni. Gesi iliyo ndani huvuta ukuta wa chupa kila upande. Umbo la mviringo hugawa mzigo sawasawa. Chupa ya pembe nne, zile za kupendeza zinazouzwa na asali, huulimbikiza mzigo kwenye pembe. Kwa hiyo ukiona chupa ya mraba yenye mfuniko wa kubana kwa waya, iweke maharagwe.

Hii haina maana kwamba kioo hakifai. Mimi bado nakipenda kuliko vyote, kwa sababu mbili. Kwanza, unaona ndani. Ukiacha chupa itulie, mambo hujipanga kwa tabaka: uchafu wa hudhurungi chini, hamira yenye rangi ya krimu katikati, bia nyembamba juu. Rangi ikibadilika au utando ukatokea, unaona bila kufungua. Pili, kioo hakikwaruziki kwa urahisi kama plastiki, na hustahimili maji yanayochemka ukikipasha polepole. Usikitoe kwenye friji ukakitumbukiza kwenye sufuria ya moto. Upande mmoja hutanuka kabla ya mwingine, na hapo utapata mlipuko wa pili. Tafuta chupa yenye mdomo mpana, kwa sababu hamira nzito haimwagiki kama maji, na chupa ya mdomo mwembamba husuguliwa kwa shida. Jaza robo tatu tu. Kisha kifuniko, na hili ndilo lililonigharimu usingizi, kikaze halafu ukilegeze nusu mzunguko. Gesi hutoka, vumbi na vijidudu havipati njia rahisi ya kuingia, hasa ukifunika juu kwa karatasi ya foili.

Maji yanayochemka nayo yana hadithi yake hapa kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Hiyo inatosha kuua hamira za porini na bakteria wengi walio macho. Haiui mbegu ngumu za bakteria fulani, ambazo hata Mombasa zingestahimili mchemko wa kawaida. Maabara hutumia mvuke wa nyuzi 121 chini ya shinikizo kwa dakika 15. Sufuria ya presha ya jikoni hukaribia hapo, ila huku juu hupungukiwa kidogo, kwa hiyo mimi huongeza muda.

Usiogope sana mbegu hizo, lakini zifahamu, kwa sababu zinaeleza jambo jingine. Wako wanaoiosha hamira kwa maji yaliyochemshwa na kuihifadhi ndani ya maji hayo, eti iwe safi na nyeupe. Inapendeza machoni. Mimi huiacha chini ya bia yake. Bia huwa na pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi huzidi) ya 4 hadi 4.5 hivi, na vijidudu vya mbegu hizo vinavyotoa sumu kali iitwayo botulini havioti chini ya 4.6. Kilevi na hopsi husaidia pia. Ukimwaga bia yote na kuweka maji, umeondoa mlinzi langoni.

Na plastiki? Geuza chombo uangalie namba iliyo ndani ya pembetatu kitakoni. Namba 1 ni plastiki ya chupa za soda na maji. Yenye soda ni ngumu ajabu kwa presha. Vile vifundo vya kitakoni kama miguu havikuwekwa kwa urembo, vinazuia kitako kisifutuke. Uzuri wake mwingine ni kwamba ukiibonyeza kwa kidole unajua kilichomo: ikiwa ngumu kama jiwe, fungua taratibu itoe pumzi. Kama stima hupotea mara kwa mara mtaani kwako, hii ni salama kuliko kioo. Ubaya wake ni joto. Mimina maji ya moto uone inavyojikunja kama karatasi. Lazima uisafishe kwa dawa baridi kama jiki iliyochanganywa na maji, kisha uisuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usiisugue kwa brashi ngumu, na usiitumie mwaka mzima. Mikwaruzo ni nyumba ya vijidudu.

Namba 5 huvumilia kuchemshwa, na hata mvuke wa maabara. Vikopo vingi vya sampuli vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa ni vya aina hii. Ndiyo, vile vya mkojo. Huja vimefungwa vikiwa safi, vina mfuniko wa kuzungusha, na bei yake haiumizi. Cheka, lakini nunua kipya. Udogo wake ndio tatizo: mililita 60 hazitoshi kuanzisha ndoo ya lita 20 moja kwa moja, utahitaji kuilisha hamira kwanza kwenye kimea chepesi siku moja au mbili ili iongezeke.

Vya bati nitavipitia haraka. Kopo la mabati yenye zinki, hata fundi wa Kamukunji akikutengenezea zuri vipi, liache: asidi ya bia huila zinki. Alumini nayo huchimbika ikikaa na asidi kwa wiki. Chuma kisichoshika kutu ni kizuri, lakini huoni ndani.

Ajabu ni kwamba wazee wa Kikuyu walilitatua swali hili bila chombo cha kufungwa. Kwa pombe ya muratina, tunda la mvungunya hukatwa, huchemshwa na kukaushwa, kisha hulowekwa kwenye asali au maji ya miwa. Nyuzi zake hushika hamira. Pombe ikiiva, tunda hutolewa, huoshwa, huanikwa juani na kuwekwa hadi siku nyingine. Hamira iliyokauka haili, haipumui kwa kiasi cha kuhesabika, na haivunji kitu. Hapo chombo na hamira ni kitu kimoja.

Ukitaka kujua hamira inaweza kuvumilia kiasi gani ndani ya chupa, tazama Copenhagen. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, akiwa katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, alifanikiwa kuitenga hamira safi kutoka kwa chembe moja. Miaka 130 baadaye ilipatikana kwenye ghala la chini la kiwanda chupa ya bia ya enzi hizo ambayo bado ilikuwa na chembe hai, na mwaka 2016 bia ilipikwa kwa hamira hiyo. Usilichukue hilo kama ruhusa. Chembe chache zilizosalia si jeshi la kuchachusha ndoo yako Jumamosi hii. Hamira ya friji itumie ndani ya wiki mbili. Ikipita mwezi, ilishe kwanza. Wala usiipeleke kwenye friza, kwa sababu barafu hupasua kuta za chembe, isipokuwa umechanganya gliserini.

Kwangu siku hizi ni chupa ya jemu ya mviringo, mililita 400, ndani ya bakuli la plastiki, rafu ya chini kabisa. Kifuniko kimelegezwa nusu mzunguko. Ubavuni nimebandika tarehe na aina ya bia, na chini yake Mama Wambui, baada ya mtoto kukaribia kujimiminia kwenye ugali, ameongeza kwa kalamu nyekundu: SI MALA.