Rimu kubwa hainyanyui gari

"Fundi, gari linakwangua chini. Nifungie rimu 18 linyanyuke."

Ombi hili linanifikia kila mara, hasa kutoka kwa wanaokaa Goba, Madale, Salasala na kwingineko Dar ambako ukiacha lami tu unaanza kupanda na kushuka makorongo. Gari ni saluni ya Kijapani, halina muda mrefu tangu litoke bandarini, na sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, inagonga kila mfereji. Mwenye gari anafika kwangu rimu ameshazinunua. Nikimwambia hazitanyanyua chochote, anadhani nataka kumuuzia za kwangu. Basi nayaandika hapa, mtu ayasome kabla hajatoa pesa.

Kinachonyanyua gari ni kipenyo cha tairi kwa nje. Namba ya rimu ni kipenyo cha chuma kilichomo ndani ya tairi, basi. Chukua saizi iliyozoeleka kwenye saluni zetu, 195/65R15. Upana ni milimita 195, ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani kama milimita 127, na rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Jumlisha rimu na ubavu mara mbili, wa juu na wa chini, unapata karibu milimita 635. Sasa funga rimu 18 na tairi linaloendana nayo kwenye gari hilohilo, 225/40R18. Rimu ni milimita 457, ubavu ni 90 tu. Jumla ni 637. Tofauti haifiki milimita 3, na gari linapanda nusu yake, kwa sababu nusu nyingine inabaki juu ya ekseli. Umelipia rimu nne na matairi manne ili upate milimita moja na kitu.

Na hiyo milimita umeipata kwa kupoteza ubavu. Kutoka 127 kwenda 90 umeondoa milimita 37 za mpira na upepo, na hizo ndizo zilizokuwa zinapokea kipigo cha shimo. Tairi la ubavu mfupi likiingia shimoni linabanwa kati ya ukingo wa shimo na rimu, nyuzi za ndani zinakatika, ubavu unatoa nundu. Nundu haizibwi na haitibiki. Tairi hilo ni la kutupa hata kama limenunuliwa mwezi uliopita, kwa maana likipasuka barabara kuu halikupi nafasi ya kuomba. Rimu nayo inapinda, au ile ya aloi (mchanganyiko wa alumini) inapata ufa na kuanza kuvuja upepo polepole, na mtu anajaza kila asubuhi akidhani ana pancha. Rimu ya chuma ikipinda inaweza kunyooshwa. Aloi yenye ufa wapo wanaoichomelea; mimi siifungi kwenye gari la mtu mwenye familia. Kipigo ambacho mpira haukukipokea kinapanda moja kwa moja kwenye beringi, bushi, boli jointi na shokapu. Baada ya miezi michache mteja yuleyule anarudi, safari hii analalamika kwamba miguu inagonga.

Wapo wanaonijibu, "Basi nitafunga tairi lenye ubavu mrefu." Sawa, hilo kweli linanyanyua. Ukitoka 195/65R15 kwenda 215/65R16 kipenyo kinafika milimita 686, ongezeko la asilimia 8, na gari linapanda sentimita mbili na nusu. Lakini kata usukani hadi mwisho uone: tairi linasaga plastiki ya ndani ya fenda. Pakia watu watatu nyuma, upite tuta, usikie. Hapo ndipo fundi mwingine anachukua nyundo na kukunja fenda, na kutu inaanza kazi yake. Breki nazo zimebaki zilezile za mwanzo wakati gurudumu limekuwa kubwa, hivyo kwa mkanyago uleule gari linapungukiwa na nguvu ya kusimama kwa zaidi ya asilimia 7. Injini nayo ina gurudumu refu na zito zaidi la kuzungusha. Mjini kwenye tambarare huenda usione. Nenda Iringa ukiwa na mizigo, upande mlima wa Kitonga, kisha urudi kwa kushuka Kitonga, ndipo utaelewa ninachosema.

Hata spidi mita inakudanganya. Ikisoma 50 wewe unakwenda 54, na tochi ya trafiki haijui kwamba umebadilisha matairi. Kilomita za kwenye dashibodi zinahesabiwa pungufu pia: ukibadilisha oili kila 5,000 unazozisoma, gari limetembea 5,400. Na wanaolalamika kwamba ulaji wa mafuta umepanda baada ya kufunga matairi makubwa wanasema kweli kwa sehemu tu. Sehemu nyingine ni kilomita ambazo gari limetembea na mita haikuzihesabu.

Ushauri wangu, na nitaurudia hadi mnichoke: anza na springi. Gari la mtumba lenye miaka kumi na kitu mara nyingi halijazaliwa chini hivyo, limekaa. Chukua futi, paki mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda kwenye pembe zote nne. Kushoto na kulia zikitofautiana, au nyuma kukiwa kumelala, hapo una springi zilizochoka. Funga springi mpya za kiwango cha gari lako pamoja na shokapu zake. Wengi nilioanza nao hapo hawakuhitaji kingine. Wachache wanaobaki, natumia spesa ndogo juu ya shokapu, halafu alaimenti. Ndogo, nasisitiza, kwa sababu ukinyanyua kupita kiasi shafti zinazozungusha magurudumu zinakaa kwa pembe mbaya na jointi zake zinakufa mapema. Kwenye tairi, toka 195/65R15 nenda 205/65R15 kwa rimu ileile kama upana wake unaruhusu: gari linapanda milimita 6 na nusu, ubavu unaongezeka, na kipenyo kinabaki ndani ya asilimia 3, ambayo ndiyo mipaka ninayoifuata. Pesa inayobaki nunua bati la chuma la kukinga sampo.

Wateja wananiletea na kauli nyingine; nazijibu moja moja.

"Matundu yakikaa, rimu imekaa."

Haijakaa. Rimu nyingi za Subaru na zile za baadhi ya saluni ndogo za Toyota zina matundu matano kwa 100, yaani yamepangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100, kwa hiyo watu wanabadilishana bila kuuliza. Ila tundu la katikati la Subaru ni milimita 56.1, na habu ya Toyota hizo, kitovu ambacho rimu inakalia, ni 54.1. Rimu ya Subaru kwenye Toyota inabaki kuning'inia kwenye nati peke yake. Ukifika spidi 90 usukani unatetemeka, mteja anakwenda kufanya balansi mara tatu na kumlaumu aliyefanya balansi, wakati dawa ni pete za kuziba ile nafasi. Kibaya zaidi ni kulazimisha rimu za 112 za magari ya Kijerumani kwenye habu ya 114.3. Tofauti ni milimita 2.3, nati zinaingia kwa nguvu, stadi (boli zinazoshika gurudumu) zinapinda, na siku moja zinakatika. Angalia na nati zenyewe: rimu nyingi za kiwandani za Toyota zinatumia nati yenye washa bapa, nyingi za dukani zinataka nati yenye ncha ya koni. Ukichanganya, nati haishiki hata uipige spana namna gani. Mwisho soma namba iliyo baada ya herufi ET nyuma ya rimu. Namba ikiwa ndogo kuliko ya gari lako, gurudumu linatoka nje na beringi inabeba zaidi; ikiwa kubwa, linaingia ndani kuelekea shokapu.

"Gari lilikuja nazo kutoka Japani, kwa hiyo ni sahihi."

Zilifungwa na mtu wa kule, kwa barabara za kule. Fungua mlango wa dereva, usome kibandiko kwenye nguzo: kinakuambia saizi ambazo kiwanda kimeziidhinisha, pamoja na upepo. Upepo umeandikwa kwa kPa, na 230 ni sawa na psi 33.

"Punguza upepo kidogo, tairi za ubavu mfupi zisiume."

Hapana, hapana. Ubavu mfupi hauna kingine cha kuikinga rimu zaidi ya huo upepo.

"Tairi pana linashika zaidi."

Kwenye lami kavu, ndiyo. Masika, barabara ikiwa na maji yaliyosimama, tairi pana linaelea mapema kuliko jembamba. Na hapa naongeza jambo ambalo watu hawalisomi kabisa: namba ya mzigo ubavuni. 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 82 ni kilo 475. Nimeona magari ya familia yamevalishwa tairi pana za kupendeza ambazo namba yake ya mzigo iko chini ya ile ya kibandiko. Tazama pia tarakimu nne za mwisho za DOT, maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye meno mazuri linaweza kuwa mpira uliokwisha kukauka.

"Linagusa kidogo tu, alaimenti itamaliza."

Alaimenti inanyoosha mwelekeo wa magurudumu. Haipunguzi ukubwa wa tairi.

"Nabadilisha mawili ya mbele kwanza, ya nyuma mwisho wa mwezi."

Kwa gari linalovuta mbele tu, na tairi za kipenyo kilekile, naweza kukuelewa. Kwa Subaru na gari jingine lolote linalovuta magurudumu yote muda wote, usithubutu kuchanganya saizi. Mbele na nyuma vikizunguka kwa kasi tofauti, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka, inapata joto, inakufa, na bei yake inazidi ya matairi manne mapya. Kama pesa ya manne haijatimia, endelea na saizi ya zamani hadi itimie.