Wateja wa kupita wa Chicago na daftari la mzee wa Kirumba

Kijana yeyote hapa Mwanza akiniomba nimfundishe kuchambua data, namwanzishia baiskeli za Chicago. Huduma ya kukodisha baiskeli ya Divvy, iliyoanza huko mwaka 2013, huweka mtandaoni bure rekodi za safari zake, na mji wenyewe uko kando ya ziwa kama wetu. Kila mstari una saa ya kuchukua baiskeli, saa ya kuirudisha, vituo, na kama mpandaji ni mwanachama au mteja wa kupita, yaani asiye na uanachama. Swali la biashara: nani kati ya hao wa kupita anaweza kuwa mwanachama?

Kwanza faili lisafishwe. Mwanafunzi mmoja aliniletea safari zilizokwisha kabla ya kuanza, akidhani faili limeharibika. Tukatazama tarehe: Jumapili ya kwanza ya Novemba, usiku wa manane. Usiku huo, ikifika saa nane, Wamarekani hurudisha saa nyuma iwe saa saba. Aliyechukua baiskeli saa 7:50 akapanda dakika 20, ameandikiwa kuirudisha saa 7:10. Sisi huku hatugeuzi saa, kwa hiyo asingeliwaza hilo hata kidogo.

Halafu kuna wastani. Watu wanne wakipanda dakika 10, 10, 12 na 15, na wa tano akakaa na baiskeli siku nzima, dakika 1,440, wastani wao unakuwa karibu dakika 297. Hakuna hata mmoja aliyepanda hivyo. Wapange kwa mfuatano umchukue wa katikati: dakika 12. Huyo ndiye anayefanana na wateja wako.

Ukishatenganisha makundi mawili, picha inajitokeza yenyewe. Wanachama hujaa siku za kazi, saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Wa kupita hujaa wikendi mchana, majira ya joto, hupanda muda mrefu zaidi, na vituo vyao vikubwa viko ufukweni, karibu na Navy Pier, gati linalopendwa na watalii. Wengi huishia hapo, wanapendekeza punguzo la wikendi, kazi imekwisha.

Mimi hapo ndipo ninapokataa. Faili hilo halionyeshi mpandaji ni nani. Safari ishirini za Jumamosi zinaweza kuwa za watalii ishirini ambao kesho wanapanda ndege, na mtalii humuuzii uanachama wa mwaka. Mtafute mteja wa kupita mwenye mwendo wa mwanachama: Jumanne asubuhi, anaanzia karibu na stesheni ya treni, anaishia penye maofisi. Huyo anaishi pale, analipa bei ya mgeni.

Jambo hili nililielewa vizuri zaidi Kirumba kuliko kwenye kompyuta. Kuna mzee anakodisha baiskeli jirani na soko la Mwaloni, na daftari lake lina safu ambayo Chicago haina: jina. Aliniambia, "Mwanangu, hawa watoto wa Jumapili ndio wanaonilisha." Kweli, kurasa za Jumapili zilikuwa zimejaa hadi pembeni. Tukakaa kwenye benchi na penseli, tukaweka alama kila jina lilipojirudia. Za Jumapili majina yalikuwa mapya karibu yote. Za katikati ya wiki zilikuwa na mistari michache, lakini majina yaleyale, saa ileile ya alfajiri: wachukuzi wanaobeba magunia ya dagaa kutoka Mwaloni. Walikuwa wakilipa kwa saa, kila siku, na siku nyingine wanakuta baiskeli zenye keria imara zimeshatoka.

Mzee akafunga daftari, akakaa kimya kidogo, akaanza kuwataja mmoja mmoja bila kusoma. Wiki iliyofuata aliwapangia malipo ya wiki, yanayolipwa Jumatatu, na baiskeli tatu zenye keria akazifungia mnyororo wa peke yake. Ufunguo hautoki mpaka wachukuzi wapite.