"Mwambie huyo asubiri": viashiria na lugha isiyoegemea upande

Mteja amesimama dirishani, fomu mkononi. Mhudumu anageuka na kumwambia mwenzake, "Mwambie huyo asubiri." Tusi halipo hapo; hata ukifungua kamusi hutaliona. Lakini mteja amelisikia. Angesema "Mwambie mzee asubiri kidogo", foleni ingebaki ileile na mtu asingeondoka na kinyongo.

Shuleni tulifundishwa viashiria kwa umbali: huyu ni wa karibu na msemaji, huyo yuko karibu na msikilizaji au amekwisha kutajwa, yule yuko mbali na wote wawili. Ni sahihi, ila umbali huo haupimwi kwa hatua peke yake. Msemaji humvuta mtu karibu au humsukuma kando apendavyo. Ndiyo maana kumwita "yule" mtu mliyeketi naye meza moja kunakera, ilhali "yule mwalimu wetu wa darasa la kwanza" kunabeba mapenzi, maana anayesema na anayesikia wote wanamkumbuka.

Kiashiria kikiachwa peke yake bila nomino ndipo hukwaruza zaidi. "Huyu anasemaje?" na "Mgonjwa anasemaje?" yanauliza jambo lilelile, lakini mgonjwa mwenyewe akiwa kitandani anasikiliza, hayafanani.

Mpangilio nao una lake. "Vijana hao walichelewa" ni taarifa. Andika "Hao vijana walichelewa", na msomaji ataanza kunusa lawama. Si kosa la sarufi, la hasha: kiashiria kinaweza kutangulia nomino, na ngano zetu zimejaa "yule sungura" asiyelaumiwa na mtu. Shida ya ripoti ni kwamba haina sauti wala uso wa kupunguza makali.

Kwa maoni yangu, ngeli ndiyo inayoumiza kuliko yote. Kipofu na kiziwi huanza kwa ki-, lakini ni watu, hivyo husemwa "kipofu yule amefika". Anayesema "kipofu kile kimefika" amemgeuza binadamu kuwa kitu, na mara nyingi anajua anachofanya. (Wengi sasa huchagua "mtu asiyeona", na mhariri afuate huko.)

Tuchukue sentensi moja ya muhtasari wa kikao, ya kubuni lakini ya kawaida: "Hawa wapangaji wamezidi kuchelewa, na huyo mwenyekiti wao anadai eti hakupata barua."

Baada ya kalamu ya mhariri: "Wapangaji walifika saa 3:20, dakika 20 baada ya kikao kuanza. Mwenyekiti wao alisema hakupata barua."

"Eti" imeondoka na dhihaka yake. "Anadai", neno linalomtilia mtu shaka kabla hajasikilizwa, limekuwa "alisema". "Wamezidi" imeipisha saa iseme yenyewe. "Wao" nimeiacha, haikuwa na kosa.