Je, wajua kwa nini mtoto wa Lamu akisikia «Ben» huandika «Bin»?

Mwite mtoto wa darasa la pili pale Langoni au Mkomani, umtajie jina kwa Kiingereza herufi moja moja: bii, ii, en. Halafu mwambie aandike. Wengi wataandika Bin, na hawakusikia vibaya. Sikio limesikia sauti «i», na kwa Kiswahili sauti hiyo huandikwa kwa herufi I, basi mkono ukafuata. Tatizo ni kwamba jina ambalo Kiingereza kinaipa herufi E ndiyo sauti ambayo Kiswahili kimeipa I. Na kwa kuwa «bin» ni neno analoliona kila siku katika majina ya wazee wake, hata akirudia kusoma alichoandika haoni kasoro yoyote.

Nyumbani hilo si neno. Kwenye mtihani ni alama iliyopotea. Mtihani tunaouzungumzia ni Pre A1 Starters, ngazi ya kwanza kabisa katika mitihani ya Kiingereza ya Cambridge ya watoto, ambayo kwa kawaida hufanywa na wenye umri wa miaka 6 hadi 12. Una sehemu tatu. Kusikiliza kuna maswali 20 na huchukua kama dakika 20. Kusoma na kuandika kuna maswali 25 kwa dakika 20. Kuzungumza ni dakika 3 hadi 5, ana kwa ana na mtahini. Katika toleo la kidijitali, sehemu mbili za mwanzo hufanywa kwenye skrini badala ya karatasi. Hakuna kufaulu wala kuanguka: mtoto hupewa ngao kwenye cheti, zisizozidi 5 kwa kila sehemu.

Sasa, ndani ya kusikiliza kuna kipengele cha pili chenye maswali 5 ya majina na nambari. Jina hutajwa herufi kwa herufi, na ni lazima liandikwe sawasawa. Hapo ndipo watoto wetu wanaojua Kiingereza vizuri tu humwaga alama, huku walimu wakidhani tatizo ni msamiati.

Angalia jinsi makosa yanavyofuata utaratibu. A huitwa «ei», mtoto anaandika E, na Sam anakuwa Sem. E huitwa «ii», anaandika I. I huitwa «ai», anaduwaa au anaandika A. G huitwa «ji», anaandika J. C huitwa «si», anaandika S. Ndiyo maana Grace hugeuka Jresi. Y huitwa «wai», naye anaanza na W. Halafu kuna neno «double», ambalo Waingereza hulitumia herufi ikijirudia, kama L mbili za Bill: mtoto husikia mwanzo wa jina la W na kuiandika papo hapo. Q na X hazimo kabisa katika alfabeti ya Kiswahili, na C hatuioni ila ikiwa imeandamana na H.

Chanzo chake ni namna tunavyoanza kusoma. Shuleni mtoto huingia kwa silabi, ba be bi bo bu, na jina la irabu ni sauti yake yenyewe. Hajapata sababu ya kufikiri kwamba herufi inaweza kuitwa hivi na kusomwa vile. Lakini mtoto wa Lamu anayo sababu hiyo, tena kubwa, ila hakuna anayemkumbusha. Chuoni kwa maalimu, anakosoma Kurani, ameshajifunza kwamba herufi ya Kiarabu yenye sauti m huitwa mimu, wala hakuna asomaye «mimu» katikati ya neno, husoma m. Alifu ni jina, sauti yake huja na irabu iliyoandamana nayo. Mwambie hivyo waziwazi: Kiingereza nacho kina majina ya herufi, kama chuoni. Kwa mtoto anayesoma Kurani, sentensi hiyo moja hufanya kazi kuliko nyimbo za alfabeti za mwezi mzima, kwa sababu wimbo humfundisha mpangilio wa A hadi Z, na mtihani haufuati mpangilio huo.

Baada ya hapo, zipange herufi kwa sauti za majina yake. A, H, J na K hubeba «ei». B, C, D, E, G, P, T na V zote huishia kwa «ii», na hili ndilo kundi gumu kuliko yote. F, L, M, N, S, X na Z huanza na «e», isipokuwa Z, ambayo Waingereza huiita «zed». I na Y zina «ai». Q, U na W hubeba «yu». O na R zimebaki peke yake kila moja. Andika kadi za kila kundi, taja jina la herufi, naye aiguse kadi bila kusema wala kuandika. Dakika 5 kwa siku, wiki mbili. Usianze na kibodi. Mtoto anayetafuta herufi kichwani huku anaitafuta na kwenye vitufe huwa na kazi mbili, na ikiharibika hutajua ipi imeharibika.

Majina yenyewe hayatoki hewani. Orodha ya maneno ya ngazi hii huchapishwa na ina majina ya watu pia: Anna, Dan, Jill, Kim, Lucy, Nick, Pat, Tom na wenzao. Yatumieni hayo. Nambari nazo haziendi zaidi ya 20, kwa hiyo mtoto aliyezoea kuandika 30 akisikia «thirteen» afundishwe kwamba katika ngazi hii 30 haiwezi kuwa jibu.

Wiki ya tatu ndipo kibodi iingie. Kwanza ulizeni kituo cha mtihani watoto watatumia kompyuta au kishikwambi, maana mazoezi yanatofautiana. Kwenye kompyuta, vitufe vina herufi kubwa, na mtoto anayesoma herufi ndogo hutazama I akadhani ni l. Kidole kikikawia juu ya kitufe, herufi hujirudia na Ben akawa Bennn. Afundishwe kufuta mapema, hata kabla ya kuandika neno la kwanza. Kwenye kishikwambi shida ni kuburuta: akiinua kidole kabla ya kufika, kitu hurudi kilikotoka, naye anadhani amekosea jibu. Na joto letu la pwani lina mchango wake. Kidole kilicholowa jasho hakisomwi vizuri na skrini ya kugusa, kwa hiyo kitambaa kikavu kikae mezani.

Mazoezi ya kuandika yakifanywa kwa simu ya mzazi, zima ule usaidizi wa simu kujisahihishia maneno. Usipouzima, mtoto anaandika Bin, simu inaandika Ben, na wote mnafurahi bure. Katika kusoma na kuandika tahajia lazima iwe sahihi kila mahali.

Kuna mtego mwingine ambao hautajwi, nao umejificha ndani ya sarufi yetu. Kipengele cha mwisho cha kusikiliza kina picha yenye vitu saba vya aina moja, tuseme mipira, vilivyotawanyika: kimoja juu ya kabati, kingine ndani ya sanduku, kingine chini ya kiti. Mtoto anasikia kipi kipakwe rangi gani. Rangi anazijua. Kinachompotosha ni kiambishi -ni. Kiswahili kinasema «mpira uko sandukuni» na inatosha, uwe ndani yake au juu yake. Anayesikiliza hutazama mwenyewe. Kiingereza hakimruhusu: ni lazima achague «in», «on» au «under». Mtoto aliyezoea -ni husikia jina la sanduku, akaridhika, akagusa mpira wa kwanza ulio karibu nalo.

Dawa yake ni komwe saba za bao, kikombe kimoja na kawa moja, kile kifuniko cha chakula. Weka komwe ndani ya kikombe, juu ya kawa, chini ya kawa, kati ya viwili hivyo, mbele, nyuma na kando. Sema kwa Kiingereza, yeye aokote ile uliyoitaja. Kisha mgeuze awe yeye mwenye kusema. Wengi hushika baada ya siku nne tano, na faida yake huonekana pia kwenye kuzungumza, ambako mtahini humpa kadi na kumwambia aiweke mahali fulani pa picha.

Kuhusu kuzungumza, neno ni moja. Watoto wetu wamelelewa kutomkazia mkubwa macho na kutouliza mara mbili. Adabu hiyo ni njema, lakini mbele ya mtahini ukimya hausomeki kama adabu. Mfundishe sentensi fupi ya kusema kwamba hakuelewa, na ajue kwamba katika kipengele cha kwanza kunyoosha kidole kwenye picha ni jibu halali.

Vipokea sauti vya masikioni vijaribiwe siku kadhaa kabla. Kwa msichana anayejifunga mtandio huteleza, na akivirekebisha mara kwa mara anakosa jina. Mtandio mwepesi usio na mikunjo mingi sikioni huvishika vizuri. Kila sauti huchezwa mara mbili: ya kwanza ni ya kuandika, ya pili ya kuhakiki. Asiyeambiwa hivyo husubiri ile ya pili, akajikuta hana muda. Kama kituo kiko bara, hesabuni pia asubuhi ya kuvuka hadi Mokowe. Mtoto aliyeamshwa gizani akayumbishwa na bahari hasikilizi vizuri, na ni afadhali kulala ng'ambo.

Cambridge huweka mitihani ya majaribio kwenye tovuti yake bila malipo. Fanyeni mmoja wiki moja kabla, kisha soma makosa, usihesabu alama tu. Ukiona Sem, Bin na Pet, rudi kwenye kadi za herufi. Ukiona Bennn, au l iliyoandikwa I, kadi hazina kosa. Rudi kwenye kibodi.